Nyota Zenye Mikia na Ukuta wa Baba

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi. Nina studio Kibiti mjini, na siku nzima maneno yangu ni yale yale: sogea kushoto kidogo, inua kidevu, hapo hapo, usitikisike. Sina subira, najijua, na maharusi wananijua. Kwa hiyo shemeji yangu aliponiletea kile kidude cha kufuata nyota, sikuelewa kama ananipa zawadi au ananitafutia presha.

Shemeji anafanya kazi kwenye kambi ya watalii kule Mloka. Mgeni mmoja alipoondoka alimwachia kimashine cha kiasi cha kopo la maziwa ya unga, kina mota ndani, kitabu cha maelezo hakina. Unakifunga juu ya stendi ya miguu mitatu, halafu juu yake unafunga kamera. Dunia inazunguka, kwa hiyo nyota tunaziona zinatembea. Chenyewe kinageuka polepole kuzifuata, ili uweze kuiacha kamera wazi dakika mbili na bado kila nyota itoke nukta, si mchirizi. Hayo niliyapata mtandaoni. Nikasema, mbona rahisi! Kipupwe kilikuwa kimeshaingia, mbingu safi, na lile wingu la nyota linalokatiza angani katikati ya mwaka unaliona kwa macho yako bila shida. Nikafunga studio wiki moja nikaenda kwa baba.

Baba anaishi kijijini, kando ya barabara kuu, karibu na Nyamwage. Umri wake umepita themanini. Alikuwa fundi mwashi, na nyumba yetu inapakana na msikiti ambao yeye mwenyewe ndiye aliyeupimia kibla enzi za ujana wake, kwa fimbo na kamba. Hilo ndilo jambo lake. Wenzake wana mashamba ya mikorosho, wengine wana watoto wakubwa serikalini. Baba ana mstari. Kijijini kwetu ukiuliza njia huambiwi kaskazini, unaambiwa upande wa kibla, na upande wa kibla maana yake ni ukuta wa baba.

Sasa msikiti ule ulikuwa uvunjwe. Waumini wamezidi, kuta zimefanya nyufa, kamati ikaamua ujengwe mpya pale pale. Mafundi walikuwa waanze Jumamosi. Mzozo ukabaki mmoja tu, kibla. Vijana wa kamati walitoa simu zao wakawa wanazunguka uani kama watu wanaotafuta mtandao, huyu anasema huku, yule anasema kule, na kila simu ina kaskazini yake. Baba aliwatazama mpaka akachoka. Akasimama na mkongojo wake katikati yao.

"Fuateni ukuta wangu," akasema. "Na mkiukuta umepinda hata kidole kimoja, basi msinihesabu tena kwenye mashauri yenu."

Wakacheka kwa heshima, wakakubali. Mimi nilikuwa barazani nafungua skrubu za stendi, nikimsikiliza. Tangu mama afariki, miaka miwili sasa, watu wameacha kumuuliza baba mambo. Wanamwamkia, wanampa kiti, wanaendelea na mazungumzo yao. Hili la kibla ndilo swali la mwisho lililokuwa limebaki mikononi mwake, nami nilifurahi kuona amelishika.

Jumatatu baada ya isha nikatoka uani na kidude changu. Mshale wake unatakiwa uelekee kusini kamili, tena uinuliwe kidogo tu juu ya upeo wa macho, maana kule ndiko mbingu inakozungukia. Watu wa nchi za kaskazini wana nyota yao moja imekaa mahali hapo, wanailenga, mchezo umekwisha. Sisi huku hatuna nyota ya maana ya kulenga, na kwetu Rufiji mahali penyewe pako chini mno, hata ngumi moja haitimii, pamefichwa na mikorosho ya jirani. Nikatoa simu nitazame dira. Nikapiga hatua mbili, kusini ikahama. Nikasogea mbali na mabati, ikahama tena. Nikasonya, nikaitia simu mfukoni. Ya nini kuhangaika, na ukuta wa baba huu hapa? Ukiipa kibla mgongo, unatazama kusini. Nikachungulia kando ya ukuta wa ubavuni, nikaulinganisha mshale nao sawasawa, nikabonyeza.

Mtumee! Nyota zote zilitoka na mikia. Si mikia midogo, mikia mirefu kama ya panya buku. Nikapiga picha nyingine mashine ikiwa imezimwa, nione tofauti. Tofauti ipo, jamani: mashine ikiwa imezimwa mikia ilikuwa mifupi. Yaani kitu kilicholetwa kuondoa mikia kinairefusha! Niliing'oa kamera nikasimama pale uani nayo shingoni.

"Vipi, maharusi wako hawatulii leo?" baba akaniuliza kutoka barazani.

"Baba, niache."

Jumanne mchana nilikigeuzageuza kile kidude mezani mpaka nikaona swichi ndogo ubavuni, herufi N huku, S kule. Ilikuwa kwenye N. Mgeni yule alikuwa mtu wa Ulaya, mashine yake ilikuwa inageuka kama vile bado ipo kwao, nyota zinakwenda huku, yenyewe inakwenda kule. Nilicheka peke yangu. Nikaisukuma kwenye S, nikajiona fundi.

Usiku ule mikia ilipungua sana. Lakini haikwisha. Kila nyota ilikuwa na kijimkia kifupi, na vyote vimelala upande mmoja. Nikasema betri, nikabadilisha betri. Vikabaki. Nikasema mchanga, miguu ya stendi inazama, nikaiwekea vipande vya tofali. Vikabaki. Nikasema malori, maana kila lori la Lindi likipita unasikia ardhi inatikisika chini ya miguu. Nikasubiri barabara itulie, nikapiga. Vikabaki vile vile, upande ule ule. Nikakaza skrubu zote mpaka nikajichuna kidole. Nikabadilisha lenzi nzito nikaweka nyepesi. Baba alinionea huruma, akaniletea pimamaji yake ya zamani, ile ya mbao, akaiweka mwenyewe juu ya stendi na kuihakikisha kwa tochi.

"Stendi imekaa," akasema. "Tatizo si stendi."

"Sasa tatizo nini?"

"Mimi nijue? Mimi nyota sikuzijenga."

Jumatano nilishinda nimenuna. Sikuelewa kitu. Mashine inazunguka vizuri, kasi yake sawa, stendi imetulia, swichi ipo panapotakiwa. Kosa likiwa la kutikisika, mikia ingetawanyika ovyo. Hii ilikuwa imepangana kama sijda, yote imeinamia upande mmoja. Mtandaoni nikasoma mtu mmoja anasema mikia ya namna hiyo maana yake ni moja, mshale haujaelekea pake. Nikamtukana moyoni. Mshale wangu umefuata ukuta wa baba, huyu anajua nini?

Lakini usiku, kwa hasira tu, wala si kwa akili, nikakisukuma kidude kulia kidogo, kiuache ukuta. Nikapiga. Mikia ikafupika.

Nikasukuma tena. Ikafupika zaidi. Nikasukuma tena, ikaanza kurefuka kwa upande wa pili. Nikarudisha unywele mmoja, nikapiga dakika mbili nzima nikiwa nimeziba pumzi, na nilipoangalia kioo cha kamera nyota zilikuwa nukta. Nukta safi, nyingi kama punje za mtama kwenye jamvi. Nilikuwa nimezitafuta siku tatu, na sikufurahi hata kidogo. Nilikuwa natazama pengo kati ya mshale na ukuta.

Lilikuwa pengo la nusu ngumi hivi ukinyoosha mkono. Nikaingia ndani nikachukua rangi zangu za kucha. Kwenye sahani ya duara iliyo chini ya kidude nikachora alama nyeupe pale nyota ziliponyamaza, na alama nyekundu pale ulipokuwa ukuta. Kwa nini nilichora, sijui. Nadhani nilitaka kuhakikisha asubuhi kwamba sikuota. Nikalala nimevaa sweta na viatu, nikiwaza: ama kidude hiki cha Mzungu kinasema uongo, ama ukuta ndio uliopinda. Jumamosi watachimba msingi mpya kwa mstari ule ule. Nikisema, nimemwaibisha baba mbele ya kijiji kizima. Nisiposema, watasali kombo wote, wajukuu na vitukuu, na mimi ndiye pekee ninayejua. Yarabi, na mimi si nilitaka picha tu!

Alhamisi asubuhi nilimwandalia chai na mihogo, nikakaa kwenye mkeka. Nilikuwa nimetunga maneno mazuri, yote yakapotea.

"Baba, ile kibla ulipimaje?"

Uso wake ukang'aa. Nilijiona mwizi. "Kwa kivuli. Kipupwe kama hiki. Jua linapokuwa katikati, kivuli cha fimbo kinalala juu ya mstari wa kibla. Nilisimika fimbo, nikangoja adhuhuri, nikapiga kigingi kwenye ncha ya kivuli. Kwisha."

"Tufanye tena leo. Mimi na wewe."

Akaweka kikombe chini. Baba si mjinga. "Kidude chako kimesema nini?"

"Kinanichanganya. Nataka tujue mwongo nani."

Tukasimika fimbo ndefu uani, kwa pimamaji. Mimi nikamwomba nichore duara kwa kamba kuizunguka fimbo, njia tuliyofundishwa shuleni: asubuhi kivuli kinagusa duara upande mmoja, mchana kinagusa upande wa pili, na katikati ya sehemu hizo mbili ndipo penye mstari. Baba akasema hayo ni mazunguko ya bure lakini chora. Kivuli kilipogusa asubuhi nikaweka jiwe. Yeye akaleta kiti akakaa na kigingi chake mapajani, na nyundo, anangoja. Muda wote ule hakuingia hata ndani kunywa maji. Adhana ya adhuhuri ilipoanza kwenye spika akainuka, akainama kwa tabu, akapiga kigingi kwenye ncha ya kivuli, gwa, gwa. Halafu akaenda kusali.

Nilinyoosha kamba kutoka kwenye kigingi mpaka kwenye fimbo nikailinganisha na ukuta. Ilikwenda nao sambamba. Miaka yote ile, na mkono wake haukubadilika hata chembe. Machozi yalinilenga. Nikasema basi, kidude ndicho kiongo, alhamdulillahi.

Kabla ya alasiri kivuli kikagusa duara upande wa pili. Nikaweka jiwe la pili, nikanyoosha kamba kati ya mawe mawili, nikawa naogopa kuikunja. Baba aliichukua mkononi mwangu. Aliikunja mwenyewe sehemu mbili sawa, kifundi, akaishika ile katikati kwa kidole gumba, akaivuta kamba nyingine kutoka kwenye fimbo ipite hapo.

Kigingi chake kilibaki pembeni, upana wa kiganja kizima.

Akarudia. Akarudia mara ya tatu. Akapiga magoti, akaweka kiganja kati ya kamba na kigingi, kikaenea bila kubaki nafasi. Mimi nilikuwa nimesimama pale kama mshumaa, sijui nimshike bega au nikimbie.

"Adhana," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Adhana husomwa jua likishapinduka. Ukisoma kabla, haisihi. Najua hilo tangu mtoto." Akakitazama kigingi. "Wakati ule hatukuwa na saa. Nikasema nitangoja adhana, nisiharakishe kazi ya Mungu. Nilikuwa naona ndiyo adabu. Kumbe jua lilikuwa limeshanipita."

"Baba, ni kidogo tu. Sheikh mwenyewe atakuambia, aliyekosea bila kujua hana lawama. Sala zote zimesihi."

"Sijakuuliza sala," akasema kwa ukali, halafu akainuka, akajipangusa magoti, akaingia ndani. Hakula usiku ule. Mimi nilikaa na zile picha zangu nzuri kwenye kamera, nikatamani nizifute.

Ijumaa nilikuwa jikoni nakuna nazi niliposikia, baada ya sala, sauti ya baba kwenye spika. Nilidhani kuna msiba. Alikohoa, akasema: "Ndugu zangu, mstari wangu umepinda. Si kidole, ni kiganja. Msiufuate. Binti yangu anao ulio sawa, atawaonesha kesho." Halafu akaongeza, "Ahadi yangu ile mnaikumbuka." Nikaacha mbuzi ya kukunia pale pale nikalia, sijui kwa fahari au kwa aibu, mpaka leo sijapambanua.

Ahadi yake waliikataa, kwa kweli. Mwenyekiti wa kamati alikuja mwenyewe nyumbani, akasema mzee, mtu wa kusema hivi ndiye tunayemtaka kwenye mashauri. Baba aliitikia tu. Jumamosi nikasimama uani na kidude changu, mwanamke mmoja katikati ya mafundi, nikaulinganisha mshale na ukuta kwa alama nyekundu, nikaugeuza mpaka nyeupe, nikawapa mstari, wakavuta kamba, wakachimba. Kufika saa kumi ukuta wa baba ulikuwa kifusi. Yeye alikaa barazani anatazama, na kila tofali likianguka alikuwa anatikisa kichwa kama anayehesabu.

Jumapili asubuhi akaniamsha. "Chukua hicho kidude. Na ile alama nyekundu, bado ipo?"

"Ipo."

Tukaenda makaburini, nyuma ya msikiti. Kaburi la mama ni udongo tu, mvua za masika mbili zimelilaza, sasa ni tuta lisilo na umbo. Baba alisimama kando yake akasoma Fatiha. Halafu akasema, bila kunitazama, "Mama yako nilimpimia mimi. Kwa ukuta ule ule."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja. Nikaanza tena habari ya sheikh, kwamba kidogo vile hakidhuru, kwamba kaburi halifukuliwi. Akanikatiza kwa mkono.

"Najua. Yeye alale alivyo. Nasema mimi. Mimi mtanilaza hapa, kando yake, na siku hiyo watanipimia kwa msikiti mpya." Akalitazama tuta. "Miaka yote tumeangalia upande mmoja, mimi na yeye. Sitaki huku chini yeye aangalie kule, mimi niangalie huku."

"Baba, si umewaambia mwenyewe waufuate mstari ulio sawa?"

"Wa msikiti, ndiyo. Msikiti ni wa watu."

Kama ni sawa, kama si sawa, sijui. Nilitaka kumuuliza na nikaogopa jibu. Ukuta haupo tena, mstari ule umebaki kwenye tone la rangi ya kucha, kwenye kidude changu. Na siku yenyewe ikifika mimi sitakuwapo, maana kwetu wanawake hatuendi kuzika. Nitakuwa ndani na wenzangu, tumejifunika khanga, na wanaume watakuwa huku wanafuata kamba waliyopewa na mimi.

Yeye alikuwa ameshayafikiria yote. Alikuwa na vigingi viwili vya mninga chini ya kwapa, na nyundo, ili wachimbaji wakute mstari wa mama umeshapigwa.

Nikasimamisha stendi pale alipopiga kigingi cha kwanza, nikaulinganisha mshale na kamba mpya ya mafundi kwa alama nyeupe, kisha nikaugeuza mpaka nyekundu. Baba akapiga hatua zake mbele, akasimama na kigingi cha pili mkononi, ameelekea kibla, amenyooka na kanzu yake ya Ijumaa kama bwana harusi. Nikachungulia juu ya mshale. Alikuwa amesimama kwenye mstari mpya, si kwenye ule wa zamani.

"Sogea kushoto kidogo, baba."

Akasogea.

"Hapo hapo," nikasema. "Usitikisike."